Mbegu za Fanueli

Kipigo cha kwanza Yunis alikipata mwaka wa pili wa ndoa, Jumapili baada ya ibada, na kisingizio kilikuwa beseni la maji. Alilimwaga mlangoni, mumewe Fanueli akateleza, kofi likatua kabla mtu hajauliza lolote. Wote wawili walijua kwamba beseni halikuwa na kosa. Asubuhi ile mchungaji alikuwa amebatiza watoto sita wa majirani zao, na Fanueli alikaa benchi la nyuma akivihesabu vichwa vyao kimojakimoja.

Yunis alikuwa mtoto wa Kwai. Baba yake alikamua ng'ombe wa mzungu mpaka mzungu alipofungasha virago, na binti akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akatoka anajua kusoma, kuandika na kufuma. Aliolewa mwaka wa Azimio la Arusha, akavuka milima kuja upande wa Mponde, kwa mwanamume ambaye watu wote walimsifia shamba lake. Sifa hizo zilikuwa za haki. Maharage ya Fanueli yalikuwa hayana mfano. Aliyachagua kwa mkono, akayakausha juu ya dari, na watu walitoka vijiji vitatu kuja kumwomba mbegu. Mtu mwenye mkono wa baraka namna hiyo, walisema, atajaza nyumba watoto.

Nyumba haikujaa. Wanawake walioolewa baada ya Yunis wakawa Mama Fulani na Mama Fulani, yeye akabaki Yunis, jina tupu kama la msichana. Miaka saba ikapita. Katika miaka hiyo alipoteza jino moja la mbele na ubavu wake wa kushoto ukajifunza kuitabiri mvua. Fanueli hakuwa mlevi, na hilo nalisema makusudi, maana wapo wanaopenda kuisukumia pombe kila ngumi. Alipiga akiwa na akili zake zote, kisha akanawa mikono na kwenda kupalilia.

Mwaka wa sabini na nne mambo yakazidi. Serikali ilitaka watu watoke mabondeni na vilimani wakae pamoja vijijini, na Fanueli akafanywa mkubwa wa mgambo. Walimpa rungu na kofia. Yeye na wenzake wakawa wanapita kwenye makazi ya juu, wanaezua mapaa, wanatupa vyungu nje, wanawasukuma wazee njiani na mizigo yao. Akirudi jioni bado mkono unamwasha. Yunis alijua kuisoma hatua yake tangu kwenye kona ya migomba, na kwa hatua hiyo aliamua kama aweke chakula mezani au akae karibu na mlango.

Mama yake Fanueli, Marta, aliishi ua huohuo. Yeye hakupiga kamwe, mkono wake haukumgusa mkwewe hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kusema. Alisema amechoka kulisha mgeni asiyeaga. Alisema kuna wasichana wazima kabisa kule Bumbuli. Mwezi wa Juni Fanueli akayachukua maneno ya mama yake akayafanya ya kwake: ikifika Krismasi tumbo halijashika, Yunis atarudishwa Kwai kwa kaka yake, na nyumba itapata mwanamke mwingine. Mchungaji akikataa, basi akatae.

Kwa hiyo Yunis alikuwa na miezi sita. Hakutaka kurudishwa, hilo ni kweli, lakini zaidi ya hapo alimtaka mtoto mwenyewe. Alimtaka mpaka mikono ikawa inamuuma akimrudishia mwenzake kichanga alichoombwa kumshikia.

Mwanzoni mwa Julai alikwenda zahanati ya misheni, mwendo wa saa mbili kwa mguu, akidai ana kikohozi. Nesi Yudith, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimwambia avue blauzi amsikilize kifua. Alipoziona mbavu hakuuliza habari za kikohozi tena. Alimpaka dawa, akafunga mlango, akamwambia aseme alilokujia.

Yudith alimuuliza maswali ambayo Yunis hakuwahi kuulizwa na mtu. Damu huja baada ya siku ngapi? Na katikati, je, hakuna siku ambazo huona ute, mweupe wa kung'aa, unaovutika kati ya vidole kama ute wa yai bichi?

Yunis akainamisha uso. Alisema ndiyo, kila mwezi, siku tatu au nne, na akaharakisha kuongeza kwamba anajua adabu za siku hizo. Shangazi yake aliyemfunda kabla ya harusi alimwambia huo ni uchafu wa damu iliyochelewa kutoka. Mwanamke mwenye heshima hamsogelei mumewe na uchafu huo. Hunawa kwa maji ya baridi na shabu mpaka akauke, na hulala jikoni mpaka siku hizo zipite. Kwa miaka saba Yunis hakuwahi kuvunja adabu hiyo hata mara moja. Hata mama mkwe, aliyemkosoa kwa kila kitu, alimsifu kwa hilo tu.

Nesi alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mwanangu," akasema, "hizo ndizo siku zenyewe. Ute huo ndio dalili kwamba yai linakaribia kushuka. Siku nyingine zote za mwezi unamkaribisha mumeo bure, na siku za mtoto unalala jikoni."

Yunis alilia pale, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Alimlilia shangazi yake aliyekwisha kufa, akamkasirikia, akamwonea huruma, yote kwa pamoja. Yudith akamwacha amalize kisha akamfundisha lililobaki. Akampa kipimajoto cha kioo na karatasi yenye mistari ya miraba. Kila asubuhi, kabla hajanyanyua kichwa, kabla hajaongea, kabla mguu haujagusa sakafu, akiweke chini ya ulimi dakika tano na kuweka nukta kwenye karatasi. Joto litakaa chini nusu ya kwanza ya mwezi. Yai likishatoka litapanda kidogo, nukta tatu au nne tu, na kubaki juu. Ute unasema yai linakuja, joto linasema limekwisha kupita. Damu ikija, joto hushuka. Lakini likikaa juu siku kumi na nane bila kushuka, basi kuna mtu tumboni.

Mwisho akampa kichupa chenye kifuniko. Miaka saba ni mingi, alisema, na mimba ni ya watu wawili, haifai kumpima mmoja tu. Jumatano ya kwanza ya kila mwezi mpimaji huja na hadubini kutoka hospitali kubwa. Mume naye alete mbegu zake asubuhi hiyo ndani ya kichupa, zikiwa na joto la mwili, zitazamwe kama zina uhai. Akamweleza na namna ya kuzipata, na Yunis akajifunika uso kwa kanga.

Tatizo la kwanza lilikuwa hizo dakika tano. Marta huamka kabla ya jogoo, na kila asubuhi humwita mkwewe kutoka uani, na mkwe huitika abee papo hapo na kutoka kuwasha moto. Kutoitika mwito wa mama mkwe si jambo dogo Shambaai, nchi ya Wasambaa, ni tusi. Asubuhi tatu za kwanza alimaliza kupima kabla hajaitwa. Ya nne Marta aliita, na Yunis kalala chali, kioo chini ya ulimi, midomo imefungwa. Akaita tena. Mara ya tatu Fanueli akageuka kitandani, akamwona mkewe macho wazi, mzima wa afya, kimya, mama yake anaita nje kwenye baridi. Hakuuliza. Alimpiga kofi la mdomo.

Kioo kilivunjika ndani. Yunis alitema damu na vipande, na zebaki ikatawanyika kwenye mkeka vijipunje vijipunje vinavyokimbia, yeye akavikimbiza kwa vidole kama mwendawazimu kwa sababu aliona ni kitu cha watu kimeharibika mkononi mwake. Ulimi ulivimba wiki nzima. Alirudi kwa Yudith akiongea kwa kuandika. Nesi alimtoa kipande cha mwisho kwa koleo ndogo, akatukana kwa sauti ya chini, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumsikia akilifanya, kisha akampa kipimajoto cha pili na kumwambia akiweke kwapani, na akihesabie muda mrefu zaidi. Hivyo akiitwa ataweza kuitika.

Kuanzia hapo Marta aliitikiwa, na nukta zikaendelea kuwekwa. Yunis aliificha karatasi ndani ya kitabu cha nyimbo. Mwezi wa Agosti damu ilipokwisha, joto lilikuwa chini, thelathini na sita na nukta nne, tatu, nne. Siku ya kumi na moja aliona ute. Jioni alichukua mkeka wake kwa mazoea kwenda jikoni, akafika mlangoni, akasimama. Kisha akarudi chumbani. Fanueli alishangaa, lakini si mwanamume wa kuuliza kwa nini amependwa, na kwa siku nne hapakuwa na ugomvi kwenye nyumba ile. Ni vigumu kulisema hili baada ya yote yaliyotangulia, lakini Yunis mwenyewe hakulificha alipokuja kusimulia: siku nne zile alimpenda.

Tarehe kumi na saba joto likapanda. Nukta nane. Kesho yake nane. Kisha tisa.

Habari za kichupa alikuwa amekwisha kuzifikisha tangu Julai, tena kwa uoga mkubwa. Mke atamwambiaje mumewe jambo kama lile? Alichofanya ni kuweka kichupa karibu na sahani yake na kusema maneno machache kadiri ilivyowezekana: nesi wa misheni anaomba amletee mbegu zake, Jumatano ya kwanza ya mwezi, kuna mtaalamu anakuja kuzipima. Alikuwa tayari kukimbia. Fanueli akakitazama kichupa, akatabasamu, akasema hata kule wamekwisha kuzisikia. Agosti kazi za mgambo hazitamruhusu, lakini Septemba atapeleka mwenyewe. Yunis alishusha pumzi. Akajisemea kwamba pengine amemwogopa bure, kumbe mwanamume anaelewa mambo.

Ningekuwa mimi ningesikia harufu ya kosa hapohapo. Mwaka ule redio ilikuwa inaimba kilimo asubuhi na jioni, bwana shamba anapita kila wiki akizungumzia mbegu bora, na mtu mwenyewe ndiye Fanueli wa maharage. Lakini Yunis hakuyatafakari maneno yake. Aliyatoa, aibu ikamwisha, akashukuru.

Septemba ikaingia joto likiwa bado juu. Kumi na tano, kumi na sita, kumi na saba. Asubuhi ya Jumanne, siku ya kumi na nane, Yunis aliitazama zebaki mara tatu, akaitikia abee kwa sauti iliyomshangaza Marta. Yudith alikuwa amemwonya asimwambie mtu mpaka wiki tatu zitimie, mimba changa haina dhamana. Wiki tatu zingetimia Jumamosi. Aliamua kumwambia Fanueli Jumapili, baada ya ibada, wakiwa njiani wawili tu. Alikwisha kuyapanga hata maneno.

Jumanne hiyo jioni alimwona akikisugua kichupa kwa jivu, akipiga mluzi. Akataka kumwambia aache tu, haina haja tena. Lakini ingebidi aeleze kwa nini, na Jumapili ilikuwa karibu, na mtu alikuwa na furaha. Akamwacha aendelee kusugua.

Yaliyotokea zahanati Yunis aliyapata baadaye kwa Yudith. Fanueli alifika amevaa shati la kanisani. Kwenye benchi walikuwapo wanawake kumi na kitu na watoto wao, na kati yao wawili walioezuliwa nyumba na mgambo wiki mbili nyuma. Alimkabidhi mpimaji kichupa kwa mikono miwili. Ndani yake mlikuwa na maharage, yamechaguliwa moja moja, yanang'aa.

Mpimaji, mtu wa mjini mwenye ulimi mwepesi, aliyamimina kwenye kiganja na kuuliza kama ayapike au ayapande. Yudith alikuwa chumba cha sindano. Angekuwapo angemziba mdomo. Mpimaji akaeleza mbele ya benchi zima ni mbegu za aina gani zilizotakiwa, na kwa nini, na za mume wa nani. Mwanamke mmoja aliyeezuliwa nyumba alianza kucheka. Alicheka mpaka akamshusha mtoto mgongoni. Benchi zima likamfuata. Fanueli alisimama pale na kofia yake ya mgambo mkononi, akacheka naye kidogo, kisha akaondoka.

Yunis alikuwa uani anapepeta. Hatua ile hakuwahi kuisikia, haikuwa ya hasira wala ya uchovu. Alipoinua uso rungu lilikuwa limekwisha kushuka begani.

Alipigwa kutoka uani mpaka jikoni. Fanueli aliuliza swali moja tu, akalirudia kwa kila pigo: amemwambia nini nesi juu yake. Yunis alijaribu kujibu, lakini pigo lilikata kila neno. Mkono wa kulia ulivunjika alipoukinga kichwa. Kisha akaanguka, akajikunja, akaliacha rungu lipate mgongo, mapaja, kichwa, popote, ila mikono na magoti aliyaleta tumboni. Marta alitokea mlangoni na kusema asimwache, labda masikio yatazibuka.

"Tumboni hapana," Yunis akasema. "Fanueli, nakuomba, tumboni hapana."

Fanueli akasimama, anahema.

"Kuna nini humo cha kuchunga?"

Alitaka kumwambia. Alifungua mdomo, pumzi haikutoka. Akapigwa teke la kwanza, na la pili, na baada ya hapo hakuhesabu.

Asubuhi alikuwa amelala palepale jikoni. Kwa mkono wa kushoto alikitafuta kipimajoto, akakiweka kwapani, akahesabu. Thelathini na sita na nukta nne. Akakirudisha, akahesabu upya, ikawa ileile. Alimwomba mtoto wa jirani amletee kitabu cha nyimbo, akaweka nukta yake mahali pake, kwa mkono wa kushoto, imepinda. Damu ilikuja saa sita mchana. Kristofa, kaka yake, alipopata habari na kuja kutoka Kwai, alimkuta zahanati kwa Yudith, mkono umefungwa gango la vibao.

Fanueli ndiye aliyeitisha baraza. Alitaka mambo yaishe kwa utaratibu. Walikaa nyumbani kwa Mzee Rajabu, balozi wa nyumba kumi, mwanamume mpole aliyechukia kelele. Fanueli akaeleza kwamba amevumilia miaka saba, mwanamke ni mgumba, tena amemfedhehesha mbele za watu, anamrudisha kwao. Marta akaitikia kwa kichwa.

Rajabu akamuuliza Yunis kama ana la kusema. Yunis akaamkia wazee, shikamoo kwa kila mmoja, kisha akaitandika karatasi juu ya meza na kuwaonyesha kwa kidole. Alieleza taratibu, kama mwalimu. Hapa chini ni kabla ya yai. Hapa juu ni baada yake. Hizi ni nukta za juu, hesabuni wenyewe. Rajabu akahesabu kwa sauti mpaka kumi na tisa.

"Hapa," Yunis akasema, "mlikuwa na mjukuu. Na hii ya chini ni Alhamisi, siku ya pili baada ya maharage."

"Ya pili au ya kwanza?" Rajabu akauliza.

"Maharage yalikuwa Jumatano asubuhi, mzee. Basi niseme kesho yake."

Wazee wakamgeukia Yudith, aliyekuja na miwani yake ya uzi. Walimuuliza kama mateke yale ndiyo yaliyofanya. Unaweza kuona kwamba walikuwa wanamwomba aseme hapana. Nesi aliigeuza karatasi upande wake.

"Siwezi kuapa," akasema. "Mimba changa hutoka hata bila kuguswa. Ninachoweza kuapia ni kwamba ilikuwapo."

Mtu mmoja akapumua kwa nguvu. Mwingine akaanza kusema kwamba basi, kama haijulikani, si vizuri kulaumiana. Wakati huo Marta alikuwa amekwisha kusimama.

"Ilikuwapo?" aliuliza. Akamwendea mwanawe na fimbo yake ya kutembelea, akampiga nayo usoni. Akampiga tena, na tena, kichwani, mdomoni, mpaka fimbo ikakatika, akaendelea kwa ngumi zake za kizee, na katikati ya kumpiga mwanawe alikuwa anajipiga mwenyewe kifuani, maana maneno aliyoyasema mlangoni siku ile aliyakumbuka neno kwa neno. Fanueli hakuinua mkono. Rajabu na Kristofa ndio waliomkamata mama mtu na kumkalisha chini.

Rajabu akasema kwa sauti ndogo kwamba mghosi Fanueli, yaani bwana mwenyewe, kama ana neno aliseme, tumalize.

Fanueli alijifuta damu kwa kofia. Alikuwa anaitazama karatasi, ambayo asingeweza kuisoma hata kama angepewa mwaka mzima, akifuata nukta za juu kwa kidole, moja baada ya moja, mpaka ile ya mwisho.

"Alikuwa wa kiume?" akauliza.

"Siku kumi na tisa, Fanueli," Yunis akasema. "Hazitoshi kujua."

Akaikunja karatasi kwa mkono mmoja. Kristofa akabeba mzigo wake, wakashika njia ya Kwai.